Jezi Ikishavuliwa: Utangulizi wa Somo la Wanamichezo Wastaafu

Fungua kitabu chochote cha historia ya michezo ya Kenya. Utamkuta mchezaji anazaliwa, anaonekana na mwalimu wa shule, anaitwa timu ya taifa, anapanda ndege, anashangiliwa. Kisha sura inakatika. Wakati huo ana miaka thelathini na mitatu, labda thelathini na mitano. Akijaliwa, mbele yake ipo miaka mingine arobaini, nayo haina sura hata moja. Somo ambalo kijitabu hiki kinakukaribisha linaanzia hapo penye mkato.

Wamarekani wametutangulia mbali, na waliowasogeza mbele zaidi ni warushaji wa besiboli. Mrushaji anafaa kuchunguzwa kwa sababu kazi yake yote iko kwenye mkono mmoja. Mkono ukikataa, kazi imekwisha, na kila mtu uwanjani anaona. Mwaka 1970 Jim Bouton, mrushaji ambaye mkono wake ulikuwa umeshachoka, alichapisha shajara yake iitwayo Ball Four, akaanika hofu ya kuachwa, vidonge, ubahili wa mameneja. Wakubwa wa ligi walikasirika sana. Miaka minne baadaye Daktari Frank Jobe alimpasua mrushaji Tommy John kiwiko, akamwekea kano iliyotolewa mkono wa pili, na tangu hapo upasuaji huo unaitwa kwa jina la mgonjwa, si la daktari. Huko pia mchezaji akifikisha siku 43 katika kikosi cha ligi kuu huwa ameingia kwenye mpango wa pensheni. Siku 43! Waulize waliocheza ligi kuu ya Kenya misimu kumi wana nini.

Sisi besiboli yetu ni changa. Majirani zetu Waganda wametuacha: vijana wao wamefika mashindano ya watoto ya dunia kule Williamsport, na mwaka 2022 klabu ya Dodgers ya Los Angeles ilisajili warushaji wawili kutoka Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Lakini hao walikuwa ndio kwanza wanaanza, na wewe na mimi tunawatafuta waliomaliza. Kwa hiyo, ukimtaka ndugu wa karibu wa mrushaji huyo hapa Nairobi, nenda kwenye kriketi.

Mfano ninaowapa wanafunzi kila mara ni Collins Obuya. Alizaliwa Nairobi mwaka 1981, na yeye na kaka zake wawili, Kennedy Otieno na David Obuya, walikuwa katika kikosi kimoja cha taifa kwenye Kombe la Dunia la 2003. Tarehe 24 Februari mwaka huo Sri Lanka walikuja uwanja wa Nairobi Gymkhana. New Zealand walikuwa wamekataa kuja wakihofia usalama. Kenya ikapata mbio 210, ikaonekana ni kidogo. Kisha Collins akapewa mpira. Alirusha ova kumi, yaani mipira sitini, akatoa mbio 24 tu, akaangusha wiketi tano, yaani akawatoa wapigaji watano, wakiwemo Aravinda de Silva na Kumar Sangakkara. Sri Lanka wote wakatoka kwa 157. Kenya ikaenda hadi nusu fainali, na hakuna nchi nyingine isiyocheza mechi za siku tano iliyowahi kufika hapo.

Tusimame kidogo kwenye huo mkono. Obuya alikuwa mrushaji wa mpira wa kuzungusha kwa kifundo cha mkono. Mpira unashikwa kwa vidole vitatu. Wakati wa kuachia, kifundo kinageuka na kidole cha pete ndicho kinachousukuma uzunguke. Unadondoka upande wa miguu ya mpigaji wa mkono wa kulia, ukigusa ardhi unakata kwenda upande mwingine, naye anabaki kapiga hewa. Ni ufundi mgumu kuliko wote katika mchezo huo, na haukai bila mazoezi. Unataka mechi nyingi, ova nyingi, kocha anayekuvumilia siku mpira unapokwenda ovyo. Baada ya 2003 hivyo vyote vilikauka. Klabu ya Warwickshire ya Uingereza ilimchukua, lakini mambo hayakumnyookea huko, na goti likamsumbua. Nyumbani wachezaji na chama chao waligombana juu ya malipo mpaka chama kikavunjwa mwaka 2005 na Cricket Kenya ikaundwa. Mechi za maana zikawa za kuhesabu.

Mkono ule haukurudi kama ulivyokuwa. Hapa wasimuliaji wengi hufunga daftari, ilhali kwetu ndipo penye utamu. Obuya alishika gongo. Tarehe 13 Machi 2011, Bangalore, mbele ya Australia, mrushaji huyo wa zamani alibaki uwanjani na mbio 98 bila kutolewa; ova ziliisha zikiwa zimebaki mbio mbili afikishe mia. Alikuwa nahodha wa Kenya kwa muda, akaendelea hadi 2024, akaaga baada ya Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra akiwa na miaka 42. Ukisoma takwimu zake za mechi za siku moja, 104 kwa jumla, utaona wiketi 35 na mbio zaidi ya 2,000. Mgeni angedhani huyu alikuwa mpigaji tangu mwanzo aliyejaribu kurusha mara mojamoja. Takwimu hazisemi uongo, ila hazina kalenda ndani yake. Kazi yako ni kuirudishia.

Mweke kando yake Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, aliyewahi pia kuiwakilisha Kenya katika tenisi ya Davis Cup. Karim alikuwa ameshastaafu, yuko kwenye shughuli zake za bima, alipoitwa tena kwa ajili ya Kombe hilo la 2003. Tarehe 15 Machi, Durban, akiwa na miaka 39, aliwarushia Australia ova nane na mipira miwili: mbio saba, wiketi tatu, na ova sita kati ya hizo hazikutoa mbio hata moja. Ricky Ponting alikuwa mmoja wa walioondoka. Australia walishinda, lakini mchezaji bora wa siku alikuwa huyo mstaafu. Ninachokiona kwa Karim ni kwamba aliweza kuaga vizuri kwa sababu hakuutegemea mchezo kwa chakula. Wengi wa wenzake hawakuwa na bima ya kurudia, ya kuuza wala ya kukatiwa.

Hadi hapa tumezungumzia mwili. Upande wa pili wa somo hili ni jina, na jina hulisomi Durban, unalisoma mtaani. Ndiyo maana naanzia Kibera na Kawangware.

Tarehe 26 Julai 2019 mbunge wa Kibra, jimbo lenye mtaa wa Kibera, Ken Okoth, alifariki kwa saratani. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, na chama cha Jubilee kikamleta McDonald Mariga. Jina hilo halikuhitaji kutambulishwa. Mwana wa Noah Wanyama, aliyewahi kuichezea AFC Leopards. Kaka wa Victor Wanyama, aliyechezea Celtic na Tottenham. Alikwenda Sweden akiwa kijana, akapita Parma, na Januari 2010 nusura aende Manchester City. Waingereza walimnyima kibali cha kazi kwa kuwa Kenya ilikuwa chini mno kwenye orodha ya FIFA. Waziri Mkuu wa wakati huo, marehemu Raila Odinga, aliingilia kati kumwombea, ikashindikana. Mariga akaenda Inter Milan, na tarehe 22 Mei 2010, Madrid, Inter ilipoifunga Bayern 2-0 na kutwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, alikuwa kwenye benchi la José Mourinho. Hakuingizwa. Medali yake ni halali, na hakuna Mkenya aliyekuwa ameipata kabla yake. Baadaye alizunguka Real Sociedad, Parma tena, Latina, Oviedo na Cuneo.

Sasa tazama ajabu ya mambo. Raila aliyemwombea kibali mwaka 2010 ndiye aliyekuwa mbunge wa Langata, na Kibera ilikuwa ndani ya Langata hadi Kibra ilipokatwa kuwa jimbo la peke yake. Miaka tisa baadaye Mariga alikuja kuomba kura katika mtaa ambao watu wa ODM, chama cha Raila, walikuwa wakiuita chumba cha kulala cha Baba, yaani Raila mwenyewe, akiwa amevalishwa kofia ya chama pinzani na Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe. Tume ya uchaguzi ilimkataa kwanza kwa kuwa jina lake halikuonekana kwenye sajili ya wapiga kura, kisha kamati ya rufaa ikamruhusu. Dennis Oliech, mshambuliaji aliyetamba Nantes na Auxerre, naye alikuwa ametangaza nia ya kiti hichohicho. Mtaa mmoja, kiti kimoja, na majina mawili makubwa kabisa ya kandanda yetu yanakitazama.

Kura zilipigwa tarehe 7 Novemba. Imran Okoth wa ODM, ndugu wa marehemu Ken, alipata 24,636, Mariga 11,230, na mgombea mwingine, Eliud Owalo, 5,275. Kabla hesabu haijatangazwa rasmi Mariga alimpigia mshindi simu, akampongeza. Hilo si la kawaida katika siasa zetu, na sijui kwa nini halitajwi zaidi. Labda uwanjani mtu hufundishwa kumpa mkono aliyemfunga.

Wachambuzi wa redio walisema jina la Mariga lilimwangusha. Kwangu kura elfu kumi na moja katika ngome ile, kwa mtu asiyekuwa na mizizi mtaani, si haba. Ila zinaonyesha jambo ambalo ndilo msingi wa somo letu: jina la mchezaji ni mtaji, na kila mtaji una soko lake. Jina lililotoka Milan halina soko Laini Saba, Kibera, siku ya kura, kwa sababu kule watu wanapima nani alikuja msibani, nani alilipa karo, nani ni wa chama gani. Desemba 2024 jina lilelile lilipelekwa soko jingine, uchaguzi wa Shirikisho la Soka la Kenya, ambako wapiga kura ni wajumbe wa mpira. Hussein Mohammed akawa rais, na Mariga makamu wake. Mtu hakubadilika. Wapimaji walibadilika. Ukimsoma mstaafu yeyote jiulize jina lake lina thamani mbele ya nani, na nani mwingine analitumia pamoja naye au bila yeye. Chama cha siasa kilichomhitaji Mariga kwa wiki chache kilikuwa na mahesabu yake, na mahesabu hayo ni sehemu ya wasifu wake kama vile mabao.

Lakini Mariga na Obuya ni rahisi, wameandikwa. Ugumu na raha ya somo hili ni kwa wale ambao jina lao linajulikana kwenye kiwanja kimoja. Mtaani Kibera, kuanzia Makina hadi Gatwekera, au Kawangware upande wa Kabiro na Gatina, ukiuliza kocha yuko wapi utaelekezwa kwa mtu wa makamo ambaye watu wanamwita kwa jina la utani alilopata akiwa winga. Alicheza ligi ya daraja la pili, labda misimu miwili ya ligi kuu. Mshahara ulichelewa, goti likaenda, mfadhili akajitoa. Sasa ana bodaboda, au anafanya mjengo, au ana kibanda, na jioni ana filimbi shingoni. Kwenye mfuko wa plastiki anaweka daftari la timu. Mwombe akuonyeshe. Ukurasa wa kushoto ni kikosi. Wa kulia ni nani kachanga na nani hajachanga, refa kalipwa, maji, nauli ya mechi ya ugenini, na jezi zimebaki kwa nani. Huo ndio uchumi wa mchezo wetu, umeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu, wala hauko katika maktaba yoyote.

Mitaa hii miwili haifanani, usiitie kapu moja. Kibera ardhi yake nyingi ni ya serikali, na Wanubi, wazao wa askari waliowekwa pale na Waingereza, walipigania hati hadi 2017 walipopewa ekari 288. Kawangware ina viwanja vya watu binafsi na wenye nyumba wanaojulikana, na mwishoni mwa Oktoba 2017, baada ya marudio ya uchaguzi wa rais, majirani walikatana pale. Mambo haya huingia uwanjani. Ligi za vijana za Carolina for Kibera, shirika lililoanza mwaka 2001, ziliwekewa sharti timu zichanganye makabila, kwa kuwa waanzilishi walijua kiwanja kikiachwa kitagawanyika kama mtaa ulivyogawanyika. Kandokando pia kuna michezo isiyohesabiwa. Uwanja wa gofu wa Royal Nairobi, wa tangu 1906, umepakana na Kibera, na vijana wa mtaa wamebeba mikoba ya wenye pesa kwa miaka mingi hadi baadhi wakawa wachezaji wa kulipwa. Jaffery Sports Club, iliyoandaa mechi za kimataifa za siku moja za kriketi mwaka 2007, iko Lavington, si mbali na Kawangware. Kati ya viwanja hivyo na mtaa kuna ukuta, na ukuta ni mada nzuri ya tasnifu, mtu aichukue.

Wanawake nao usiwaache hadi sura ya mwisho. Kibera Girls Soccer Academy ilianza mwaka 2002 kama timu ya wasichana, na mwaka 2006 ikazaa shule ya upili. Msichana wa timu ya kwanza sasa ni mama wa watoto wakubwa. Mwanamume hustaafu kwa goti. Mwanamke mara nyingi hustaafishwa na mimba, ndoa au mzee wa nyumbani aliyesema basi, tena kabla hajafikia ubora wake. Tukitumia kipimo kimoja cha kustaafu kwa wote wawili, nusu ya wastaafu wetu hatutawaona.

Kuhusu namba, kuwa mwangalifu. Kwa miaka mingi Kibera iliandikwa kuwa na watu milioni moja, hata zaidi, na mashirika yakaomba misaada kwa namba hiyo. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Anayekuambia kwamba alifunga mabao mia tatu hakudanganyi zaidi ya walivyotudanganya wenye digrii, kwa hiyo usimcheke. Mwandikie mabao yake, kisha tafuta daftari la refa, gazeti la Jumatatu, na yule beki aliyemkaba.

Jinsi ya kuuliza nayo ni ufundi. Maswali ya kwenye televisheni, ulijisikiaje, ulikuwa na ndoto gani, yatakupa majibu ya televisheni. Uliza nani alizifua jezi. Uliza nauli ya kwenda City Stadium ilitoka wapi, siku ulipoumia nani alikubeba, ulimwambia nani kwanza kwamba huchezi tena. Zungumza lugha anayoipenda, Kiswahili, Sheng, Kiluo au Kinubi, na umwamkie kama unavyomwamkia mkubwa wako. Kibera imechoka na watafiti. Wamekuja na fomu, wakaondoka na fomu. Usiahidi kitu. Ukiandika, rudi na nakala.

Vitabu vipo vya kukuanzishia safari. John Bale na Joe Sang, katika kazi yao ya 1996 juu ya mbio za Wakenya, walituonyesha kwamba mwanariadha ana ramani, si mapafu tu. Laura Fair, akiandika juu ya Zanzibar ya ukoloni mwaka 2001, alionyesha jinsi kandanda ya Ng'ambo ilivyokuwa siasa. Wycliffe Njororai ameandika mengi juu ya soka na riadha ya Kenya na wachezaji wanaohama. Solomon Waliaula amewasikiliza mashabiki. Wote hao wanasaidia, ila hakuna hata mmoja aliyeandika kitabu kizima juu ya miaka arobaini ile niliyoitaja mwanzo. Ni aibu kwetu, na ni nafasi kwako. Joe Kadenge, mwanasoka ambaye sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela ilimfanya msemo wa taifa zima, alifariki Julai 2019. Mbotela mwenyewe alimfuata Februari 2025. Hatukuwa tumewauliza vya kutosha.

Basi karibu. Usianze na Mariga, ana wengi wa kumwandika. Tafuta mmoja wa kiwanja cha karibu nawe, aliyecheza kabla ya simu za kamera, na kabla hujamuuliza lolote juu ya mabao mwombe ruhusa ya kupiga picha kila ukurasa wa daftari lake. Paa nyingi Kibera huvuja, na mvua za Machi zinakuja.